Korosho Moja kwa Kila Usiku: Viza Inaombwa Wapi?

(Maneno haya niliyasema Lindi mjini mbele ya wachongaji, wacheza ngoma na wafanyabiashara wa korosho na ufuta. Waliokosa kufika kwa ajili ya mvua wameniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, utani na yote.)

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na ambaye sijamfikia kwa salamu ya dini yake, habari za asubuhi.

Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana mliosimama mlangoni kama mnataka kukimbia, ingieni, hakuna mchango leo.

Mimi si afisa wa ubalozi. Mimi ni mama wa steshenari, Mtwara mjini. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, najaza fomu za ajira, za mikopo na za viza. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya kaunta ile ile, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mama, ubalozi gani mrahisi?"

Ubalozi gani mrahisi! Hakuna anayeniuliza, "Mama, safari yangu hii inapaswa kuombewa wapi?" Wote wanataka mlango uliolegea bawaba. Nimekuja kuwaambia kwamba swali la kwanza limefukuzisha watu, na la pili limewapandisha watu ndege.

Nianze na msafiri maarufu kuliko wote waliotoka mkoa huu. Mnamjua? Hakuwa na pasipoti. Hakuhojiwa na mtu. Alitoka Tendaguru, akabebwa vichwani na mabegani mwa babu zetu, vipande kwa vipande, mpaka bandari ya hapa Lindi, akapanda meli kwenda Ujerumani. Naam, mjusi wetu, yule dinosaria! Alichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, na waliosimamia kazi ile porini walikuwamo watu wetu, kama Boheti bin Amrani. Leo mifupa yake imesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13 na ushee. Yeye aliingia Ulaya bila hata picha moja ya pasipoti. Mjukuu wa aliyembeba, akitaka kwenda kumwangalia tu, atalipa euro 90, atatoa alama za vidole vyote kumi, na atafungua akaunti yake ya benki mbele ya mtu asiyemjua. Hilo tulilalamikie siku nyingine. Leo tuzungumze mjukuu huyo akabishe hodi wapi.

Alikuja kwangu kijana mmoja mchonga vinyago, mtu wa juu huko Newala. Mkono wake una dhahabu, ila ana haraka kama maji ya kifuku. Alikuwa amealikwa kwenye maonyesho Berlin, siku 6. Akasema kwa kuwa amefika Ulaya, apite na Paris kwa rafiki yake siku 3, na ndege ingemshusha Amsterdam, alale usiku mmoja. Mpango mzuri. Barua ya mwaliko anayo, barua ya kikundi anayo, ujumbe wa wenyeji wake kwamba watamlaza anao.

Kishoka akamwambia: "Usihangaike na Wajerumani. Kuna ubalozi wa nchi fulani, hao hawaangalii sana. Viza ni ile ile, ukishaipata unaingia popote."

Ndugu zangu, uongo mbaya kuliko wote ni ule wenye ukweli ndani yake. Ni kweli viza ni ile ile. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizokubaliana viza moja, sasa ni 29, na ukipewa viza ya kawaida na mojawapo unazunguka zote, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Kishoka hapo hakudanganya. Alichoficha ni kwamba kanuni yao inasema wazi mwombaji anapeleka maombi wapi: nchi ambayo ndiyo makao makuu ya safari yako, kwa wingi wa siku au kwa kusudi lenyewe. Siku zikilingana na kusudi likawa lile lile, ndipo unakwenda kwa nchi utakayoikanyaga kwanza. Hiyo ya "nchi ya kwanza kukanyaga" watu wengi wanadhani ndiyo kanuni yenyewe. Sivyo. Ndiyo ya mwisho, zile nyingine zikishindwa kuamua.

Wakulima wa korosho, niwaulize. Msimu ukifika, unapeleka korosho zako wapi? Unapeleka kwenye chama chako cha msingi, AMCOS yako, pale ulipoandikishwa. Je, unaweza kusema, "Foleni ya AMCOS ya jirani ni fupi, nazipeleka kule"? Katibu atafungua daftari, atatafuta jina lako, na atakurudisha na magunia yako. Sasa kwa nini unadhani ubalozi hauna daftari?

Kijana akanisikia? Hakunisikia. Alipeleka kule alikoambiwa. Wakafungua karatasi zake, wakaona mwaliko wa Berlin, malazi ya Berlin, maonyesho ya Berlin. Wakamrudishia fomu, hati na ada yake ya viza, wakamwambia aende kwa Wajerumani. Na hivyo ndivyo kanuni yao inavyotaka: wakigundua si wao wanaohusika, wakurudishie na wakuelekeze. Mpaka hapo alikuwa hajaharibikiwa. Kapoteza nauli ya basi kwenda na kurudi na wiki mbili.

Kilichomharibia ni hatua ya pili. Kishoka akamwambia, "Basi tubadilishe mpango." Wakatengeneza hoteli za uongo, usiku saba katika nchi ile ile iliyomrudisha, na Berlin wakaifanya pa kupita. Akarudi kwa watu wale wale! Mnacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alinirudia na karatasi mkononi, imetiwa alama kwenye kisanduku kinachosema maelezo ya kusudi na masharti ya safari yake si ya kuaminika. Karatasi ile haiishii kabatini kwa aliyeiandika. Kukataliwa kunaingia kwenye mtambo wao wa pamoja wa viza. Ukibisha hodi kwa jirani, jirani anaona.

Basi nikamfundisha ninavyowafundisha wote. Kaunta yangu haikosi bakuli la korosho. Nikamwambia: safari yako ina usiku kumi, hesabu korosho kumi. Haya, panga. Usiku wa Amsterdam, weka korosho pale. Moja. Usiku wa Berlin? Akaweka sita, akizipanga kwa mstari kama anayepanga shanga. Paris, tatu. Nikamwuliza, "Fungu kubwa liko wapi?" Akaangalia. Hakuhitaji kujibu. Nikamwuliza tena, "Na nani aliyekuandikia barua ya kukuita?" Ni fungu lile lile.

Kila usiku korosho moja. Wazee, hata asiyejua kusoma anaweza kuifanya hesabu hii. Fungu kubwa likikutana na barua ya mwaliko, hapo ndipo unapopeleka maombi. Vikitofautiana, kwa mfano umeitwa kazini siku 4 nchi hii na umeongeza matembezi ya siku 5 nchi ile, kaa chini ujiulize kwa ukweli: ni lipi limekutoa Lindi? Kama pasingekuwa na kazi ile ungesafiri? Jibu lako uliandike kwenye barua ya maelezo, kwa lugha nyepesi, usimwachie mtu akubahatishie.

Na tusichanganye mambo. Uingereza haimo Schengen. Ireland haimo. Uswisi imo, Norway imo, ingawa hazimo kwenye Umoja wa Ulaya. Kuna mama alikuja na viza ya Schengen mpya kabisa, inanukia wino, anataka kwenda Manchester kwa binti yake aliyejifungua. Nilimpa kiti kwanza kabla ya kumwambia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni hili: unaishi wapi?

Nina wapwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wote wanatafuta riziki Msumbiji, Pemba. Siyo Pemba ya karafuu, Pemba ya Cabo Delgado. Mkubwa ana kitambulisho cha ukaazi, kile Wamsumbiji wanachokiita DIRE, ana mkataba, ana nyumba ya kupanga. Mdogo anavuka Ruvuma kwa kivuko cha Kilambo, anakaa wiki mbili tatu, anarudi, anavuka tena. Mwaka ule wakaitwa wote wawili kwenye mafunzo ya ufundi Ufaransa. Mwaliko mmoja, tarehe moja, baba mmoja, mama mmoja. Je, wanaomba mahali pamoja?

Nasikia "ndiyo" huku kushoto. Na huku nasikia minong'ono ya watu wenye akili.

Hawaombi mahali pamoja. Kanuni inasema unaomba katika nchi unayoishi kihalali. Mkubwa anaishi Msumbiji kihalali, na anayo karatasi ya kuonyesha. Huyo aliomba Maputo. Mdogo, kwa macho ya sheria, ni mgeni tu kule. Nyumbani kwake ni Mtwara. Huyo wa kwake ni Dar es Salaam. Tena mdogo ndiye aliyepata nafuu! Kutoka Pemba mpaka Maputo ni kukata nchi nzima ya Msumbiji toka kaskazini hadi kusini, na sisi huku tukilala kwenye basi usiku mmoja tumefika Dar. Mkubwa alinipigia simu analalamika: "Shangazi, mimi niko karibu na Mtwara kuliko Maputo, kwa nini nisije kuombea huko?" Nikamjibu mwanangu, ubalozi haupimi kwa kilomita.

Upo mwanya, nisiwafiche. Mtu aliyepo kihalali katika nchi asiyoishi anaweza kupokelewa akieleza sababu ya maana ya kutoomba kwao. Lakini huo ni mwanya, nao ndio wanaoamua kama sababu yako ni ya maana. "Foleni ya kwetu ndefu" haijawahi kuwa sababu ya maana kwa mtu ninayemfahamu. Wamarekani nao wamekaza: tangu Septemba 2025 wanaelekeza mwombaji wa viza ya muda afanyie mahojiano nchi ya uraia wake au anakoishi. Mambo ya kwenda kujaribu bahati kwenye ubalozi wao wa nchi ya tatu, sahauni.

Sasa kuna swali mzee mmoja aliniuliza mlangoni kabla hatujaanza. Je, kama nchi ninayokwenda haina ubalozi Tanzania? Swali zuri, mzee wangu. Chukua Austria. Haina ubalozi Dar es Salaam, wanaotuhudumia wako Nairobi. Usikate tiketi ya basi la Nairobi kwanza! Nchi za Schengen huachiana kazi, nchi moja inapokea maombi kwa niaba ya mwenzake. Makubaliano hayo hubadilika, kwa hiyo jibu nililompa mtu mwaka juzi silirudii kwako leo. Fungua tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya nchi unayokwenda, tafuta Tanzania, soma wanasema upeleke wapi. Usiulize kijiweni. Kijiweni tunaulizana bei ya ufuta.

La tatu nitalipitisha haraka, ingawa ndilo linalokula hela za watu. Umeshajua nchi. Sasa mlango wenyewe ni upi?

Kuna wanaopokea ubalozini. Kuna waliokabidhi kazi ya kupokea kwa vituo vya maombi, ambavyo vinachukua karatasi na vidole vyako na kutoza ada yao juu ya ile ya viza. Hao wa kituo hawaamui kitu, kwa hiyo usimbembeleze binti wa dirishani, hana kalamu ya kukubali wala ya kukataa. Na kuna nchi ambazo huendi popote kabisa.

Yupo mfanyabiashara wa korosho hapa, mnamjua kwa kofia yake, simtaji. Alitaka kwenda Vietnam kuwaona wanunuzi. Akaja kwangu na begi limefungwa, anataka nimwandikie barua aipeleke ubalozini Dar. Nikamwambia kaa. Vietnam tangu tarehe 15 Agosti 2023 imefungua viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, mpaka siku 90. Ada yao dola 25 kuingia mara moja, dola 50 kuingia mara nyingi. Unajaza, unaweka picha, unataja mlango utakaoingilia, unasubiri. Safari ya kilomita mia tano na kitu kwenda Dar imekwisha akiwa amekaa kwenye stuli yangu.

Lakini kabla yangu alishajaribu mwenyewe kwenye simu. Akaandika "viza ya Vietnam", akabonyeza ya kwanza iliyojitokeza. Ikamtoza dola mia na ushee. Bendera ipo, nembo ipo, kila kitu kipo isipokuwa serikali ya Vietnam. Hao, ndugu zangu, ndio kangomba wa viza. Mnawajua kangomba: anakufuata nyumbani, anakupa bei usiku, anakunyonya, na asubuhi ghala halina jina lako. Tazama mwisho wa anwani. Ya Vietnam inaishia na gov.vn. Ya India, kwa wale mnaopeleka wagonjwa, inaishia na gov.in. Ikiishia na kitu kingine, ondoa kidole.

Na kama mlango wako uko Dar, kumbukeni barabara yetu. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mvua ikakata barabara kule Somanga, yule mama wa Manchester alikuwa ndani ya basi. Alikuwa ameanza upya, ameomba viza ya Uingereza, amelipa, ana miadi ya kutoa vidole kesho yake saa tatu asubuhi. Basi likasimama. Mbele magari, nyuma magari, pembeni maji. Alinipigia mara nne usiku ule, nami sikuwa na la kumwambia zaidi ya kumwuliza kama amekula. Aliuziwa ming'oko ya baridi na kikombe cha chai. Miadi ikapita, ikabidi apange nyingine, na mjukuu akatimiza miezi kadhaa kabla bibi hajamshika.

Mtu wa Dar anaweza kupanga miadi ya Jumatatu akaondoka nyumbani Jumatatu. Wewe wa Lindi, wewe wa Mtwara, wewe wa Liwale, nenda na siku mbili mkononi. Schengen wanapokea maombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwetu huku hiyo ya siku 15 ifuteni kichwani. Kujibu kwenyewe kwa kawaida ni siku 15, na wanaweza kwenda mpaka 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Kwa kawaida muda wote huo pasipoti yako iko kwao. Mnaovuka Ruvuma kila mwezi mnalijua tatizo hilo, msije mkakwama kivukoni na mzigo upande wa pili.

Nafuu moja ipo: vidole ulivyovitoa kwa viza ya Schengen hutunzwa miezi 59. Ukiomba tena ndani ya muda huo, kwa kawaida wanavitumia vile vile. Kwa hiyo ulizeni kama lazima mfike wenyewe, msipande basi kwa mazoea.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na kijana wangu wa Newala, maana mtaniuliza mlangoni.

Alikaa mwaka mmoja. Kikundi cha Berlin kikamwalika tena. Safari hii alifungua mwenyewe tovuti ya Wajerumani, akaweka miadi mwenyewe, na kwenye barua yake ya maelezo akaandika kwamba amewahi kukataliwa, akaeleza nini kilitokea na kwa nini. Nilimwambia hilo litamtesa kuandika, na likamtesa. Alichana karatasi tatu. Wakamhoji. Wakampa siku 12, hakuna hata moja ya ziada.

Alinipigia akiwa ndani ya jumba lile la makumbusho, simu ya video, picha inakatakata. Nikamwona mjusi wetu kwanza miguu, halafu mbavu, halafu shingo, shingo haiishi. Nikamwuliza, "Kichwa kiko wapi?" Akasema, "Subiri mama, bado napanda." Kisha akanyamaza kidogo, akasema babu yake mzaa mama alikuwa akisimuliwa na wakubwa zake habari za watu waliobeba mifupa ile, na kwamba yeye utotoni alidhani ni hadithi ya sungura na fisi.

Haya. Mwenye pasipoti na barua ya mwaliko aje kwenye meza ile ya dirishani, nina kalenda, nina kalamu. Na yule kijana aliye karibu na bakuli, nakuona. Zile korosho si kitafunwa, mwanangu, ni za hesabu. Tukishahesabu ndipo tutakula.